Shubiri Moja Kutoka Sikioni

Jumatatu, 14 Julai

Balaa! Bi Specioza, msimamizi wetu, ametangaza asubuhi kwamba kuanzia wiki hii kila mtu atakuwa na skana yake. Kila mtu! Ametangaza huku anakunywa chai, bila huruma, halafu akaomba sukari.

Mpaka wiki iliyopita mambo yalikuwa mazuri. Kule Usevya tulifanya kazi kwa mgawanyo wa kisomi. Mwenzangu Danford aliingia kwenye ng'ombe na skana, mimi nilikaa mezani chini ya mwavuli nikihakiki majina ya wafugaji. Niliyahakiki vizuri sana. Sikumkaribia ng'ombe hata mmoja, na hakuna aliyegundua.

Mimi si mwoga. Naandika hapa ili ieleweke. Nina tahadhari tu. Nikiwa darasa la pili, kule Katumba, ndama alinipiga kichwa cha tumbo mbele ya kwaya nzima. Ndama! Sasa fikiria mama yake angenifanya nini.

Shida ni kwamba mimi ni Mrundi. Kwetu watu wakikutana mmoja anasema "Amashyo!", yaani uwe na makundi ya ng'ombe, na mwingine anajibu "Amashongore!", yaani na wawe majike. Bibi yangu hunisalimia hivyo kila akinipigia simu. Najibu vizuri, kisha nageuka kuangalia nyuma yangu.

Kazi yenyewe ni rahisi. Ng'ombe wa huku wameshavishwa heleni za kielektroniki masikioni. Sisi tunapita kwenye majosho kuhakiki. Unafungua jina la mfugaji kwenye skana, unaisogeza kwenye heleni, inalia tii, na ng'ombe ameingia kwenye jina la mwenyewe. Ila skana inasoma kwa umbali wa shubiri moja tu. Shubiri moja! Waliotengeneza kifaa hiki hawajawahi kuona sikio la ng'ombe likiwa bado liko kwenye ng'ombe.

Jioni mpenzi wangu Annonciata amepiga simu. Mambo yamezidi kuharibika. Ijumaa ni zamu ya josho la kwao, na baba yake, Mzee Ladislas, atakuwepo. Anataka kuniona nikiwa katikati ya ng'ombe. Amesema binti yake haolewi na mwanaume anayeogopa ng'ombe, hata awe na vyeti vya kujaza kabati. Akiridhika, wajomba zangu watakaribishwa Jumapili kuzungumza mambo ya mahari. Nikauliza, na asiporidhika? Annonciata akasema basi. Alilitamka hilo "basi" polepole.

Nampenda Annonciata. Sijui kuandika mambo ya namna hiyo, kwa hiyo nayaacha hapo.

Kosa langu mimi ni dogo. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao, mzee aliniuliza kama ng'ombe nawajua. Nikasema nimekulia mgongoni mwao. Maneno yalitoka yenyewe, kulikuwa na wageni.

Mpaka Ijumaa lazima shubiri hii iongezeke.

Jumanne, 15 Julai

Nimeingia kwenye mipangilio ya skana. Nimetafuta sehemu ya kuongeza nguvu. Hakuna. Kuna sehemu ya kuongeza sauti, nikaongeza mpaka mwisho. Sasa inalia utadhani gari la zimamoto, lakini bado inasoma shubiri moja. Na sauti yenyewe imegoma kurudi chini.

Nikageukia sayansi. Lile dishi la televisheni juu ya bati la jirani linavuta picha kutoka angani. Litashindwaje heleni iliyo hatua tano? Nikaazima mfuniko wa sufuria kubwa la mama mwenye nyumba, ule wa wali wa misibani, nikafunga skana katikati kwa mpira wa baiskeli. Mama mwenye nyumba aliuliza naupeleka wapi. Nikamwambia ni kazi ya serikali, akaniachia.

Leo tulikuwa kwenye josho la nje kidogo ya mji. Nikasimama mbali, nikajiweka sawa, nikaelekeza mfuniko. Jua la saa nne likapiga kwenye mfuniko, likaruka, likawaingia ng'ombe machoni. Wakageuka wote kwa pamoja! Wakapita na uzio wa miiba, wakapita na kamba ya nguo za mke wa mtunza josho, wakaenda. Skana haikulia hata mara moja.

Danford aliwarudisha kwa mluzi, mikono iko mfukoni. Halafu akaja akaniuliza kwa upole kama wali umeiva.

Huyu Danford ni Mkonongo wa hapahapa Mpanda. Mrefu, mpole, ng'ombe wanampenda na mama wakwe wa watu wanampenda. Anamkuna ng'ombe nyuma ya sikio, ng'ombe analegea, tii, anahamia kwa mwingine. Inaudhi kuangalia. Amejitolea kunisaidia Ijumaa. Akaongeza kwamba angependa pia kumsalimia Mzee Ladislas na familia, hususan Annonciata. Hiyo "hususan" sikuipenda.

Mfuniko umebonyea. Mama mwenye nyumba ameugeuza huku na huku, akasema serikali ije yenyewe imweleze. Nimekula mkate mkavu chumbani.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Karibu ushindi.

Alfajiri nilikuwa kwa Deogratias, fundi baiskeli wa hapa Majengo. Nimempa wazo, amelitengeneza kabla chai haijachemka. Mwanzi mrefu kuliko mlango. Kwenye ncha, skana. Kwenye kishikio, breki ya baiskeli kuukuu. Waya wa breki unapita juu ya mwanzi mpaka kwenye kitufe cha skana. Ukiminya breki huku, kitufe kinabonyezwa kule. Deogratias aliuliza kama ni ya kuvunia maembe. Nikamwambia hii ni teknolojia. Akasema sawa, lakini ikishindikana itavuna maembe.

Nimeipa jina la Mkono Mrefu. Danford anasema kwao mtu wa mkono mrefu ni mwizi. Wivu huo.

Majaribio ya nyumbani yalikwenda vizuri ajabu. Nilitundika heleni ya akiba kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga za mama mwenye nyumba, nikasimama mlangoni kwangu, nikaminya. Tii! Nikaminya tena. Tii! Nikaendelea mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna mgonjwa.

Leo josho lilikuwa upande wa Mzee Ndaki, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande huu. Nikafungua jina lake kwenye skana. Nikauinua Mkono Mrefu juu ya ng'ombe wa kwanza. Akatoka mbio. Nikamwelekezea wa pili. Mbio. Wa tatu hakusubiri hata nimwelekezee. Nikawa nazunguka josho na mwanzi wangu, na popote nilipofika pakawa wazi.

Mzee Ndaki akanifuata. Akanisalimia "Mwangaluka" taratibu, kama unavyomsalimia mtu aliyelazwa. Akanieleza kwamba ng'ombe akiona mti umeinuliwa, anajua ni fimbo, anachapwa. Hajui kama mbele kuna kompyuta. Akasema hata yeye mwenyewe aliponiona nakuja alitaka kukimbia.

Wachungaji wake walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Specioza akasema kesho turudi palepale, maana leo mimi sijasoma hata sikio moja. Akasema ameshawahi kufanya kazi na watu wabovu, lakini angalau wale waligusa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata! Nimepata wakati nakula yai la kuchemsha!

Ng'ombe anaukimbia mwanzi kwa sababu hategemei jema kutoka kwake. Basi ategemee jema. Chumvi! Kila mfugaji anawalambisha ng'ombe wake chumvi. Nimeivika skana mfuko wa nailoni isilowe, juu ya mfuko nikafunga kitambaa nilichokiloweka kwenye maji ya chumvi na pumba za mahindi. Kwa ajili ya kuongezea nikiwa kazini, nikajaza chumvi ya mawe kwenye mifuko ya koti langu la kazi. Koti lina mifuko mingi. Nimejaza yote.

Mwanzi sikuuinua. Niliupitisha chini ya ubao wa uzio, nikausukuma polepole. Ng'ombe wa kwanza akanusa. Akatoa ulimi. Kichwa kikaja, na sikio likaja pamoja na kichwa. Tii! Wa pili akamsukuma wa kwanza. Tii! Kufika saa tano walikuwa wanapanga foleni! Mimi niko nje ya uzio, safi, viatu vinang'aa, naminya breki tu. Kundi lote la Mzee Ndaki limeingia kwenye jina lake kabla ya chakula cha mchana.

Danford alikuja kuiangalia foleni. Nikamweleza kwamba kuna watu wanaofanya kazi kwa mikono na kuna watu wanaofanya kazi kwa kichwa. Akasema ameona. Bi Specioza akaniambia niendelee hivyohivyo, ila kitambaa kinanuka.

Mzee Ndaki peke yake ndiye ambaye hakufurahi sana. Aliangalia ng'ombe wake walivyoning'ang'ania pale kwenye uzio, akatikisa kichwa. Akanionya kwamba ng'ombe akishaonja chumvi ya mtu, hamwachi. Wazee wanapenda kutisha watu.

Kuna kasoro moja ndogo. Breki inagoma kuachia. Ukiiminya sana inabaki imebana mpaka uipige na jiwe. Deogratias amesema niirudishe aipake oili. Muda huo sina. Kesho ndiyo siku yangu.

Nimepiga shati pasi. Nimemtumia Annonciata ujumbe kwamba asiwe na wasiwasi, nimelimaliza tatizo kisayansi. Amejibu kwa neno moja, jina langu: Gratien. Hakuweka hata alama ya kuuliza.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwenye goti, meza sitaki kuiona. Mwandiko ndio huu.

Josho la Katumba lilijaa watu. Upande mmoja ng'ombe wa Mzee Ladislas, wachache, wasafi, kila mmoja ana jina lake. Upande wa pili, sikuamini, kundi lote la Mzee Ndaki! Josho la kwao limeishiwa dawa, ameomba waoge hapa. Ng'ombe wake waliponiona walinyanyua vichwa. Nikafurahi kwamba nimekumbukwa.

Mzee Ladislas alifika na koti, kofia na fimbo. "Amashyo!" Nikajibu "Amashongore!" kwa sauti ya mwenye zizi. Annonciata alisimama pembeni na kitenge cha njano. Aliuona mwanzi wangu, akanitikisia kichwa, namna ile ya kusema usifanye. Sikujua nisifanye nini.

Nikafungua jina la Ladislas kwenye skana. Nikausukuma Mkono Mrefu. Mzee akainama, akakinusa kitambaa. Akasema chumvi! Akawageukia wenzake akawaambia kwamba baba yake mzazi aliwaita ng'ombe hivihivi, na yeye alidhani vijana wa siku hizi wameshasahau. Ng'ombe wa kwanza akaja, tii. Wa pili, tii. Mzee akatabasamu! Moyoni nilishaanza kuwapigia wajomba simu.

Halafu akaja Gaju.

Gaju ni ng'ombe mwekundu, mkubwa, kipenzi cha mzee, na hana adabu mezani. Hakulamba. Alifungua kinywa akachukua kitambaa, mfuko na skana kwa pamoja. Nikavuta. Na yeye akavuta. Nikaminya breki, sijui kwa nini, nadhani nilitaka asimame. Breki ikabana, haikuachia. Gaju akapiga kichwa pembeni mara moja tu, na mwanzi ukanitoka mikononi. Mwanzi ukavunjika kwenye uzio. Waya ukajizungusha kwenye pembe. Skana ikabaki inaning'inia kwenye shavu la Gaju, kitufe kimebonyezwa, inalia bila kupumzika. Na aliyeongeza sauti ni mimi.

Gaju aliposikia kelele ile sikioni akakimbia. Amekimbilia wapi? Katikati ya kundi la Mzee Ndaki! Ng'ombe wengine wangetawanyika. Hawa walinusa chumvi ya jana. Wakamzunguka Gaju, kila mmoja akaleta kichwa kulamba kitambaa. Kila kichwa kina sikio, na kila sikio lina heleni. Tii! Tii! Tii! Tii! Shubiri moja kamili, sawa na maelekezo ya kiwandani.

Mimi wakati huo nilikuwa juu ya meza. Sikumbuki kupanda.

Danford akaingia kati yao, akamkuna Gaju, akaufungua waya taratibu. Akaniletea skana kwa vidole viwili. Annonciata akamwambia asante. Nilimsikia kutoka juu ya meza.

Kumbe hayo yalikuwa madogo. Baada ya muda kwenye simu ya Mzee Ladislas ukaingia ujumbe: hongera, mifugo yako imehakikiwa, na chini yake idadi ambayo mzee aliisoma mara mbili halafu akavua kofia. Jina lililokuwa wazi kwenye skana ni lake, na mfumo unafuata usomaji wa mwisho. Hapohapo ukaingia mwingine kwenye simu ya Mzee Ndaki. Kwamba kwa sasa hana mfugo wowote uliosajiliwa.

Umwambie Msukuma hana mfugo! Mzee wa watu alikaa chini vumbini palepale, simu iko mkononi, ng'ombe wake wamesimama mbele yake. Akaniuliza kama hawa anaowaona si wake. Nikaanza kumweleza habari za mtandao. Hakunisikiliza. Niliona aibu kweli, aibu ya kutaka kuingia ndani ya josho na dawa yake.

Mzee Ladislas hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hajawahi kulaza ng'ombe wa mtu zizini kwake, na hatawalaza leo, hata kama ni ndani ya simu. Akanitazama. Akasema lililoharibika litengenezwe na aliyeliharibu.

Bi Specioza ametoa hukumu. Mkono Mrefu ni marufuku. Kesho kila ng'ombe wa Mzee Ndaki atasomwa upya, mmoja mmoja, ndani ya zizi, kwa mkono, kwa shubiri moja, na msomaji ni mimi. Mzee Ladislas akasema atakuja kuangalia, na kwamba habari ya wajomba itategemea hapo.

Jumamosi, 19 Julai

Danford alikuja kwangu asubuhi na bodaboda mbili, moja yake, moja yangu. Amekuja kwa nia njema, nadhani. Amesema kazi yote ataifanya yeye. Sharti ni moja: kwanza nimwambie Mzee Ladislas kwa mdomo wangu kwamba ng'ombe nawaogopa. Amesema mzee hatanila. Annonciata naye alikuwa ameshanitumia ujumbe uleule, kwamba niseme ukweli tu, baba yake anachukia uongo kuliko woga.

Nikafikiri kikombe kizima cha chai. Nikakataa. Nina heshima yangu.

Nikavaa lile koti la kazi, kwa sababu ndilo nene, na nilihesabu kwamba pembe itachukua muda kupita. Bodaboda ilipiga mashimo njia nzima na mifuko ikawa inagonga mapajani. Sikujiuliza inagonga kwa nini.

Zizi la Mzee Ndaki ni kubwa. Limejaa. Nilifungua jina lake kwenye skana, nikafumba jicho moja, nikaingia. Mpango wangu: kumsoma yule wa mlangoni, kutoka nje, kuvuta pumzi, kurudi. Nikamsoma wa mlangoni. Tii. Nikageuka nitoke. Mlango sikuuona tena. Niliona ng'ombe tu.

Wa mbele akaingiza pua kwenye mfuko wa koti. Hapo ndipo nilipokumbuka chumvi.

Mungu wangu! Walikuja wote. Walilamba mifuko. Walilamba mikono. Walilamba shingo, na ulimi wa ng'ombe ni msasa. Ng'ombe mmoja jike, mwenye pembe ndefu kuliko mikono yangu, alikula kona ya koti, akarudi kuchukua nyingine. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Nilitaka kukimbia, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikabaki nimesimama wima, macho wazi, siwezi hata kupepesa. Kitu pekee kilichobaki chini ya amri yangu ni kidole gumba. Sikio likipita, tii. Sikio likipita, tii. Nililia. Machozi nayo wakayalamba, kwani yana chumvi.

Sijui ilichukua muda gani. Jua lilikuwa limeshahama upande. Danford aliita kutoka nje kwamba wamekwisha, akapiga mluzi, wakatawanyika. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mzee Ndaki. Akausoma polepole akifuata kwa kidole, akacheka kwa sauti, akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Hapo nilifurahi, nafurahi mpaka sasa hivi.

Mzee Ladislas alikuwa ameegemea uzio muda wote. Akavua kofia. Akawauliza watu: nyie mmeona? Akasema ameishi na ng'ombe tangu azaliwe na hajawahi kuwaona wakimpenda mtu namna ile. Kijana hakupiga kelele, hakuyumba, hakupepesa jicho. Kijana amewalilia ng'ombe machozi! Akasema siku hizi hakuna watu wa hivyo. Wajomba waje kesho.

Danford aliangalia mifuko yangu. Aliiangalia kwa muda. Kisha akaangalia mawingu, na mawingu hayakuwepo. Nimeamua kumsamehe mambo yote.

Jumapili, 20 Julai

Imekubaliwa! Wajomba wamekwenda, wamepokelewa, wamekunywa pombe ya ndizi, wamezunguka maneno wee, mwisho wamekubaliana! Annonciata atakuwa mke wangu! Nimeandika jina lake pembeni ya ukurasa huu kama mtoto wa shule, na sifuti.

Kuna jambo moja. Mzee Ladislas hataki ng'ombe wa mahari asukumwe na mchungaji wa kukodi. Anataka nimlete mimi mwenyewe, mkono wangu ukiwa shingoni mwake, kutoka barabarani mpaka ndani ya zizi, ukoo mzima ukiangalia. Amesema baada ya alichokiona jana, itakuwa dhambi kuwanyima watu. Ukoo ukapiga vigelegele. Mzee Ndaki, ambaye naye alialikwa, akasimama akasema ng'ombe atamtoa yeye kwa wajomba kwa moyo mmoja, na ameshamchagua. Ni yule jike wa pembe ndefu aliyekula koti. Amesema tunajuana.

Nikacheka na wengine. Nilichelewa kidogo kuanza.

Annonciata akanivuta nyuma ya jiko. Amesema anajua. Amejua tangu siku ya kwanza nilipokuja kwao, aliponiona nampisha ndama njiani na kumwambia shikamoo. Amesema halimsumbui hata kidogo. Lakini akaniomba nifikiri. Jana nimekaa katikati ya ng'ombe mpaka jua limehama. Nimeumia wapi? Nikajikagua. Hakuna. Koti tu. Akasema basi nimeshapona, ila mwenyewe bado sijapata habari. Kilichobaki ni kumwambia baba yake nilikuwa na nini mfukoni. Atacheka mpaka atakohoa, kisha siku ya mahari Danford atatembea upande mmoja wa ng'ombe na mimi upande wa pili, na mambo yamekwisha.

Alikuwa amesimama kwenye moshi wa jiko, amekunja uso kwa ajili ya moshi, na sijawahi kumwona mzuri namna ile. Nikamshika mkono. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia safari hii nimejifunza, mambo ya ujanja basi.

Jumatatu, 21 Julai

Alfajiri nilikuwa kwa Deogratias.

Mwanzi mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza. Mbele hakuna skana, kwa hiyo Bi Specioza hana la kusema. Mbele kuna glovu. Tumeijaza pamba, imekaa kama kiganja kabisa. Fundi cherehani wa jirani ataurefusha mkono wa koti langu la harusi mpaka ufunike mwanzi wote, kuanzia begani. Mtu akiwa kwenye umati ataona bwana harusi, ataona mkono umenyooka, ataona kiganja kimetulia shingoni mwa ng'ombe. Utakuwa mkono mrefu kidogo, lakini siku ya mahari nani anapima mikono ya watu? Breki ipo palepale. Ukiiminya, vidole vinapapasa. Deogratias amekataa kuniuliza ni ya nini. Amesema tu kwamba maembe bado hayajaiva.

Nimenunua na chumvi. Kidogo tu, ya kupaka kwenye vidole, ili yule jike asiniogope.

Alipomaliza, Deogratias aliniuliza glovu aiache ile ya mkono wa kushoto aliyokuwa nayo dukani, au atafute ya kulia. Nikamwambia atafute ya kulia, hata kama nitasubiri mpaka jioni. Mtu hatoi mahari kwa mkono wa kushoto. Heshima kwanza.